Darasa la matanga Shela: nne kati ya tano

Nyumba ya wageni ninayoisimamia hapa Lamu ina dari inayotazama mkondo, na wageni wakishakaa juu jioni swali lao ni moja: "Ile ni boti gani?" Ikiwa ni ya kwetu najibu bila kufikiri. Zile yoti nyeupe zinazotia nanga baina ya Shela na Manda nilikuwa nazijibu "yoti" basi, nikaongeza chai. Niliposikia yuko nahodha Shela anayefundisha watu kutambua vyombo kwa matanga yao, nikalipa shilingi elfu tatu. Ni nusu siku, na chakula kimo humo humo.

Nahodha ni mtu mzima. "Shikamoo, ami." "Marahaba mwanangu, vua viatu upande." Hana karatasi wala picha. Anachofanya ni kukuzungusha kwenye vyombo vilivyotia nanga huku akikuhoji wewe.

"Hesabu milingoti kwanza. Jina litakuja."

Penye mlingoti mmoja mambo ni mepesi. Tanga kubwa nyuma ya mlingoti na moja dogo mbele yake, hiyo ni slupu, na ndiyo utakayoiona mara nyingi zaidi. Matanga ya mbele yakiwa mawili, ni kata. Shida inaanzia penye milingoti miwili, na hapo ndipo mzee alipostahili pesa yangu. Wa mbele ukiwa mfupi kuliko wa nyuma, au ikalingana, ni skuna. Wa nyuma ukiwa mfupi, unaweza kuwa unatazama ketchi au yoli, na kwa mbali zinafanana mno. Akatupeleka nyuma ya yoti moja ya buluu, karibu hadi nikaona kutu ikichuruzika chini ya boliti za usukani wake.

"Mlingoti wa nyuma u mbele ya usukani, au u nyuma yake?"

Ulikuwa mbele. Ketchi. Kwenye yoli mlingoti ule unasimama nyuma ya usukani, huko mwisho kabisa, na tanga lake ni dogo. Kazi yake zaidi ni kukiweka chombo sawa kuliko kukisukuma. Mwalimu mmoja tuliyekuwa naye akauliza, na usukani ukiwa umefichika chini ya maji? Mzee akamwambia atazame ukubwa wa tanga la nyuma, asibishane na watu.

Umbo la tanga ni habari nyingine, nalo alitufafanulia vizuri. Tanga la pembe tatu linalopanda hadi kileleni mwa mlingoti wanaliita la Bermuda. La pembe nne, lenye mti unaolishika kwa juu, ni la gafu. Slupu yaweza kubeba hili au lile na ikabaki slupu. Nimesikia wageni wenye yoti zao wenyewe wakiyachanganya haya mawili, kwa hiyo sikuona haya.

Kisha tukatweka tanga la chombo chetu tulichokuwa tumepanda. Hapa nilikaa karibu na mlingoti makusudi. Foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, ilikuwa miti miwili iliyounganishwa, na pale kwenye kiungo kamba imezungushwa ikabana hata ukucha haupenyi. Henza, kamba ya kupandishia, ikavutwa, foromali ikapanda kimshazari, ncha ya chini ikaelekea omo, yaani mbele ya chombo. Raha ya kweli ni kugeuka. Slupu ikibisha, yaani ikigeuka kuelekea upepo, omo linakata upepo na tanga linavuka lenyewe upande wa pili. Letu halivuki hivyo. Nahodha aliupa upepo tezi, yaani nyuma ya chombo, demani, kamba ya kuongozea tanga, ikalegezwa, vijana wawili wakaisimamisha foromali wima na kulizungusha tanga lote kwa mbele ya mlingoti, kisha wakalifunga upande mwingine. Inataka nafasi na mikono, na kelele kidogo.

Nikamuuliza, basi hii yetu tuiweke fungu gani? Akacheka. "Hii ni mashua." Na kweli, mashua, jahazi na dau la mwao tunavitenga kwa mwili wa chombo, kwa omo na tezi na ubavu, kwa kuwa tanga ni lile lile. Wenye yoti wanahesabu kilicho juu. Ndiyo maana Spray, chombo alichozungukia dunia Joshua Slocum peke yake kati ya 1895 na 1898, kiliondoka slupu, akakiongezea mlingoti mdogo nyuma safarini, kikawa yoli, na mbao ni zile zile. Mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu, peke yake ndio ungetambulika kwa vyote viwili: mbao zilizoshonwa kwa kamba, na tanga la mraba la mkeka. Mzee alituambia tukatazame mfano wake makumbusho ya Lamu tukirudi, na nilikwenda.

Sasa malalamiko. Majaketi ya kuokolea yalikuwa chini ya magunia ya mchanga wa farumi, ule uzito wa kukituliza chombo, yakatolewa nilipouliza. Hilo si la kungoja kuulizwa, kuna watoto wanaopanda. Na kurudi tulirudi kwa injini kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu. Mtu aliyelipia matanga hafurahi kunusa petroli nusu ya njia. Saa za maji zinajulikana, wangetuondoa mapema.

Chakula kilikuwa changu wa kuchoma na wali wa nazi. Samaki sina neno naye. Wali ulikuwa umeshapoa.

Ukitaka kwenda, muulize kwanza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, na umwambie wazi kwamba hutaki injini. Chukua kofia, chomboni hakuna kivuli hata cha mkono. Na kaa upande wa kulia tezini mkizunguka yoti, ndiko anakosimama yeye akieleza.