Seti ya kukuzia malkia wa nyuki: sanduku la laki moja na nusu, kijiti cha nyongeza

Mimi ni fundi saa, Singida mjini. Nyuki nafuga kwa mapenzi tu: mizinga 9 ya fremu, iko shambani upande wa Mtinko, jirani na alizeti za watu. Asali tunakula nyumbani na kugawia wageni. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa mizinga michache; mwenye mizinga mia mbili ana hesabu zake.

Miaka yote mizinga yangu ilikaliwa na mabumba yaliyojileta yenyewe. Unapaka nta, unatundika, unasubiri, na anayeingia ndiye mpangaji wako, awe mpole au jambazi. Sasa mzinga namba 4 una malkia ambaye watoto wake sijui niwaeleze vipi. Mizinga mingine naifungua jua likizama, tochi nyekundu kichwani, suruali nimeichomeka kwenye buti, na bado narudi nyumbani na jicho moja. Namba 4 naifungua kwa moshi kidogo tu na wananitazama. Nikasema mama huyu lazima aache uzao.

Ndipo nikaagiza seti hii kwenye duka moja la vifaa Dar es Salaam. Shilingi 140,000, na 10,000 ya kifurushi cha basi. Ndani kulikuwa na kijisanduku cha plastiki chenye vishimo 110, vikombe vya malkia (buu akilelewa humo anakuwa malkia), vishikio vyake, vizimba 20 vinavyofanana kabisa na rola za nywele za saluni, karatasi ya maelekezo, na chini kabisa, bila hata kutajwa kwenye tangazo, kijiti chembamba chenye spring.

Sanduku ndilo linalouzwa. Ahadi yake ni kwamba hutagusa buu kwa mkono: unamfungia malkia humo, nyuki vibarua wanapita kwenye nyufa za mfuniko kumlisha, yeye hapiti. Anataga kwenye vishimo, unamfungulia, mayai yakianguliwa siku ya nne unachomoa kitako cha kishimo na buu wake, unakipachika kwenye kikombe cha malkia. Kwa maneno, safi kabisa.

Namba 4 hakutaka. Mara ya kwanza nilipaka asali, nikaliacha sanduku mzingani siku mbili lisafishwe na kunuka kinyuki, nikamfungia malkia usiku mmoja na mchana wake. Yai hakuna hata moja. Mara ya pili nilimkuta anatembea kwenye fremu nyingine; kizibo cha mlango kimelegea na kilikuwa kimeanguka. Huo ni ubovu wa kiwandani, nikaufunga kwa uzi. Mara ya tatu alitaga mayai 23, na kesho yake vibarua walikuwa wameondoa karibu yote. Mimi nalaumu vishimo. Nilipima kwa kalipa yangu ya kazini: vina upana wa milimita 5.4, kipimo cha nyuki wa Ulaya. Masega ambayo nyuki wangu wamejenga wenyewe yanasoma 4.9. Ukipewa kiatu cha mtu mwingine utakivaa, lakini hutakimbia nacho. Tena malkia wetu ukimsumbua mara tatu, kundi zima linaanza kufikiria kuhama, na nilishaanza kuona dalili mlangoni.

Nikaliweka sanduku kando, nikachukua kijiti.

Kijiti hiki kimetengenezwa kama kalamu ya kubonyeza. Mbele kina ulimi mwembamba unaopinda, nyuma kitufe. Unauteremsha ulimi ukutani mwa kishimo cha sega mpaka uingie chini ya maziwa ya nyuki, yaani chakula cheupe anacholalia buu, unaunyanyua, na buu anakuja akielea juu ya maziwa yake mwenyewe. Ukibonyeza, anateremka kwenye kikombe vilevile alivyolala. Usimpindue. Buu unayemtaka hajamaliza siku moja tangu aanguliwe: mdogo kuliko punje ya ulezi, amejikunja, anang'aa kama maji. Ukimwona vizuri bila lenzi, basi ameshakuwa mkubwa, mwache. Hapo kazi yangu ilinisaidia, maana lenzi ya saa ninayo jichoni kutwa nzima.

Kasoro: ulimi ulikuja mnene, unasukuma buu badala ya kumbeba. Niliupitisha kwenye msasa laini dakika kumi, na spring ngumu nikaibadilisha kwa ya kalamu ya shilingi mia tano. Asiye fundi atakasirika hapa, na atakuwa na haki.

Kazi nilifanyia dukani kwangu, mlango nimefunga, feni nimezima, taulo bichi limefunika vikombe vilivyokwisha ili mabuu wasikauke. Vikombe 20 niliwapa kundi yatima, yaani mzinga niliouondolea malkia siku iliyotangulia, uliojaa vibarua vijana, na maji ya sukari juu. Awamu ya kwanza walipokea 4. Ya pili 11. Ya tatu 14, na mkono ulikuwa hautetemeki tena.

Awamu ya pili ndiyo inayoniuma. Karatasi ya maelekezo inasema malkia hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe, uvigawe vikombe siku ya 14. Siku ya 14 tulikuwa na msiba. Nilifika siku ya 15 asubuhi nikijipa moyo kwamba nina siku moja mkononi. Kabla sijafungua nilisikia mlio, tuuu, tu-tu-tu, mwembamba kama wa kitoto cha tarumbeta. Malkia mmoja alikuwa ameshatoka na anatangaza. Vikombe 10 vilivyobaki vyote vilikuwa vimetobolewa ubavuni, tundu dogo safi. Wadogo zake aliwamaliza wakiwa bado kitandani. Wanaouza vifaa hivi kwetu wangeongeza sentensi moja tu kwenye karatasi: nyuki wa Afrika hawasubiri siku ya 16.

Awamu ya tatu nilivalisha kila kikombe rola yake mara tu kilipozibwa kwa nta. Hizi rola ni nzuri, zinaingia kwa mlio wa "tak" na hazichomoki. Malkia 12 walitoka kila mmoja ndani ya kizimba chake, nikawagawa kwenye vimzinga vidogo. Kisha wakatoka kwenda kupandwa, na keremkerem, wale ndege wala nyuki wa kwenye waya wa umeme, nao walikuwa kazini. Walioanza kutaga ni 7. Na niseme ukweli, upole umekuja nusunusu: mama namchagua mimi, lakini malkia hupandwa angani na madume kadhaa, na hao ni wa pori la yeyote. Makundi mawili kati ya saba yanafanana na namba 4. Moja ni majambazi watupu.

Seti haikuja na rangi ya kuwawekea alama, kwa hiyo niliazima ya kucha ya mke wangu. Wafugaji duniani wana utaratibu kwamba mwaka unaoishia na 5 malkia hupakwa bluu. Malkia wangu wa 2025 wana nyekundu inayometameta, na mwenyewe anauliza chupa yake iko wapi.

Nyota mbili kwa sanduku, tano kwa rola, nne kwa kijiti. Ukiwapigia dukani, waulize kama wanauza kijiti, vikombe na rola bila sanduku. Mimi niliuliza nilipokuwa nalalamikia kile kizibo. Walisema wataniuzia, ila kizibo kipya hawana. Sanduku lipo mezani dukani kwangu. Vishimo 110, kila kimoja kinachukua skrubu za saa moja.