qBittorrent kwa intaneti ya Lamu: programu nzuri, ila usiitumie kama ilivyokuja

Kwa anayetaka kupakua na kugawana faili kubwa kwa torenti, yaani kwa kupeana vipande vya faili moja kwa moja kati ya kompyuta za watu, akiwa Lamu, qBittorrent ndiyo programu tunayoipendekeza kwanza. Ni ya bure, haina matangazo, msimbo wake uko wazi, na inakubali Windows, macOS na Linux. Tunaipa nyota 4 kati ya 5. Nyota iliyobaki tumeinyima kwa sababu ya mipangilio inayokuja nayo: inafaa laini nene na ruta yenye nguvu. Ukiiwasha vivyo hivyo kwenye ruta ndogo ya nyumbani au kwenye simu inayogawa bando, nyumba nzima itapoteza intaneti na lawama itaangukia kampuni ya mtandao.

Anza na kasi ya kupakia, yaani data inayotoka kwako kwenda kwa wengine. Wengi hushughulikia kasi ya kupakua tu, na hapo ndipo wanapokosea. Kila unachopokea lazima kompyuta yako ijibu kwamba kimefika. Njia ya kwenda nje ikijaa, majibu hayo yanakaa foleni, na upakuaji nao unapungua hata kama njia ya kuingia ni tupu. Simu za WhatsApp ndizo huanza kukatika.

Zima programu, pima laini yako mara tatu kwa nyakati tofauti, mara moja iwe usiku watu wanapotumia sana, kisha chukua kipimo cha chini. Kampuni huhesabu kwa megabiti, qBittorrent huhesabu kwa KiB (baiti 1,024, kila baiti ikiwa biti 8) kwa sekunde, kwa hiyo lazima ubadilishe. Megabiti 5 za kupakia ni kama KiB 610. Chukua asilimia 80 yake, uandike 480. Megabiti 1 ni KiB 122, basi andika 95. Nambari hiyo inaingia Tools, Options, Speed, kwenye Upload. Na hapa pana mtego: 0 haimaanishi kuzuia, inamaanisha bila kikomo. Mwenye bando la simu akiandika 0 akidhani amefunga mlango, ameufungua wote, na bando linaliwa pande mbili. Anayetumia bando aandike 10.

Ukurasa huohuo una mipaka mbadala yenye ratiba. Weka mipaka mikali kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, halafu iachie programu usiku wa manane. Kumbuka tu kwamba ratiba inasomwa kwa saa ya kompyuta: saa moja asubuhi ni 07:00, saa tano usiku ni 23:00.

Pili ni idadi ya miunganisho. qBittorrent inakuja na ruhusa ya miunganisho 500 kwa jumla na 100 kwa kila torenti. Ruta huandika kila muunganisho kwenye jedwali lake la kumbukumbu, na ruta za bei nafuu zina jedwali dogo. Likijaa, kurasa mpya hazifunguki ingawa torenti inaendelea kushuka. Ukizima na kuwasha ruta mambo yanatulia, baada ya saa moja yanarudi palepale. Dalili hiyo ukiiona, usibadilishe ruta kabla hujashusha nambari hizi. Ingia Connection, weka 150 kwa jumla na 40 kwa torenti. Ukitumia simu kama chanzo cha intaneti, 60 na 20 zinatosha. Torenti zinazofanya kazi kwa pamoja zisizidi mbili au tatu.

Sasa poti, yaani nambari ambayo kompyuta za wengine hubisha hodi kwako. Usitumie 6881 hadi 6889. Ndizo zilizozoeleka tangu mwanzo wa BitTorrent na baadhi ya mitandao huzibana. Chagua moja kati ya 49152 na 65535 na uibakishe hiyohiyo. Kama ruta ina UPnP, yaani uwezo wa kufungua poti programu inapoiomba, tiki iliyo chini ya nambari hiyo inatosha, ruta itafungua yenyewe. Kama haina, ipe kompyuta anwani isiyobadilika ndani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.50, kisha elekeza poti uliyoichagua kwenye anwani hiyo kwa TCP na kwa UDP, njia mbili za kusafirisha data. Wanaofungua TCP peke yake wanakosa nusu ya kazi, maana µTP (namna ya torenti ya kusafirisha vipande) na DHT (namna ya kutafuta wagawaji) hupita kwa UDP. Windows ikiuliza mara ya kwanza kama programu iruhusiwe, kubali. Aliyebofya kukataa anakuwa ameandikiwa katazo, na ruta hata ipangwe vipi haitasaidia mpaka katazo hilo liondolewe kwenye faiawoli, yaani kinga ya Windows inayochuja miunganisho.

Matokeo unayaona chini ya dirisha. Alama ya kijani ni kwamba wenzako wanakufikia. Alama ya moto ni kwamba wewe unawafikia wao, wao hawakufikii. Alama hii ya moto inasumbua sana huku kwetu, na mara nyingi kosa si la mtumiaji. Fungua ukurasa wa ruta utazame anwani ya upande wa nje. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imekuweka nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine wengi. Mitandao ya simu hufanya hivyo kwa kawaida. Hakuna mpangilio wa qBittorrent utakaofungua poti hapo, kwa hiyo usipoteze jioni yako ukijaribu nambari moja baada ya nyingine. Omba anwani ya umma kwa kampuni, au ulizia kama wana IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti. Ikiwa anwani ya nje inaanza na 192.168, chunguza kwanza kama kuna ruta mbili zilizofuatana ndani ya nyumba, jambo la kawaida kwenye nyumba za wageni. Ya pili igeuzwe iwe ya kusambaza waifai tu.

Moto ukibaki, bado utapakua. Faili za bure kama mfumo wa kompyuta wa Ubuntu au programu za ofisi za LibreOffice zina wagawaji wengi, hutahisi tofauti. Utaumia kwenye faili adimu yenye wagawaji wawili watatu: nao wakiwa kwenye moto kama wewe, mara nyingi hamtakutana.

Kabla ya kulaumu chochote, pima kwa kebo. Kuta nene za mawe ya matumbawe za mji wa kale zinameza waifai, hasa ya GHz 5. Kompyuta iliyo chumba cha tatu inaweza kupata robo ya laini, na hapo qBittorrent haina hatia.

Kipengele tunachokipenda kuliko vyote kiko kwenye ukurasa wa BitTorrent: Local Peer Discovery. Kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja, zikiwa na torenti moja, zinatambuana na kupeana vipande moja kwa moja bila kugusa intaneti. Kwa saiba au shule yenye kompyuta kumi, faili ya Ubuntu ya karibu GB 6 inashuka mara moja tu, nyingine tisa zinaipata ndani. Rudi kwenye Speed uondoe tiki ya kuwabana wenzako wa LAN, yaani wa mtandao wa ndani, la sivyo kikomo cha 480 kitatumika hata humo ndani. Haifanyi kazi kwenye waifai ya wageni, kwa sababu hiyo hutenganisha vifaa.

Stima nayo ina lake. Programu huhifadhi kumbukumbu ya hatua iliyofikia kila baada ya dakika 60. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka huenda ikakagua upya faili nzima, na diski ya zamani itachukua muda mrefu kwa GB 6. Kwenye Advanced, shusha dakika hizo ziwe 5. Na ukihifadhia kwenye flashi, tazama umbizo lake: FAT32 haibebi faili moja inayozidi GB 4, upakuaji utasimama na ujumbe wa hitilafu ingawa nafasi ipo. Ibadilishe iwe exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Ipakue qbittorrent.org pekee, iwe toleo 5.0.1 au jipya zaidi. Matoleo ya kabla yake, tangu 2010, hayakuwa yakithibitisha vyeti vya usalama vya tovuti yanapovuta vitu mtandaoni, na kosa hilo lilirekebishwa Oktoba 2024. Saiba ambayo bado ina toleo la zamani kwenye kompyuta zake ilibadilishe leo.