Skana ya dola 700 na askari wasiosikiana

Kwa miezi 14 sasa, dirishani mwa jiko langu hapa Bellflower, kusini-mashariki mwa jiji la Los Angeles, imesimama skana ya kidijitali ya mkononi, yaani redio ya kunasa mawasiliano ya polisi, niliyoinunua kwa karibu dola 700, kiasi ambacho mke wangu hajakisahau. Jina la kiwanda sitaliandika, kwa kuwa mengi ninayoyasifu na kuyalalamikia yanazihusu takriban skana zote za daraja hili, na pia kwa sababu anayenunua skana hanunui chombo peke yake, bali ananunua mazungumzo ya watu wengine, na ubora wa mazungumzo hayo hauko mikononi mwa kiwanda. Niliitaka kwa jambo moja mahususi: kufuatilia polisi wanapolifukuza gari, na hasa kusikia kinachotokea gari hilo linapotoka eneo la idara moja na kuingia la nyingine.

Msomaji wa Tanzania, aliyezoea Jeshi la Polisi moja kutoka Bukoba hadi Mtwara, na hata wa Kenya anayeujua mvutano wa zamani kati ya polisi wa kawaida na polisi wa utawala, anahitaji kwanza kuielewa ramani ya hapa. Kaunti ya Los Angeles ina miji 88. Zaidi ya 40 ina idara zake za polisi, kila moja na mkuu wake, sare zake na redio zake, na mingine mingi humlipa Sherifu, mkuu wa askari wa kaunti nzima, ailinde, mtindo ulioanzia kwa majirani zangu wa Lakewood mwaka 1954. Barabara kuu zinazoikata miji hii yote ni za Doria ya Barabara Kuu ya California, maarufu kwa herufi CHP, iliyoundwa mwaka 1929. Bellflower iko chini ya Sherifu, Downey iliyo kaskazini yetu ina polisi wake, na katikati ya mtaa wetu inapita barabara ya 91. Mwizi wa gari akitokea karibu na mlango wangu anaweza kupita mikononi mwa vyombo vitatu vya dola kabla chai yangu haijapoa.

Kila chombo kina masafa yake. Kwa miongo mingi CHP imezungumza katika masafa ya chini sana, karibu megahezi 42, ambayo huvuka vilima na kusafiri mbali, na ndiyo maana magari yake yalijulikana kwa antena ndefu zilizopepesuka nyuma kama fimbo ya kuvulia samaki. LAPD, polisi wa jiji lenyewe la Los Angeles, wako juu zaidi, kati ya megahezi 480 na 510, kwa mfumo wa kidijitali uitwao P25, ambao ulianza kubuniwa mwaka 1989 ili redio za viwanda tofauti ziweze kuelewana. Matokeo yake ni kwamba askari wawili wanaweza kuendesha bampa kwa bampa nyuma ya gari lilelile, kila mmoja akieleza kwa kirefu anachokiona, na mwenzake asisikie neno. Ipo chaneli ya pamoja ya jimbo zima, CLEMARS, ambayo mojawapo ya masafa yake ni megahezi 154.92, lakini chaneli ya pamoja inahitaji mtu akumbuke kuigeukia akiwa katika mwendo wa kilometa 130 kwa saa, mkono mmoja kwenye usukani, king'ora kikilia juu ya kichwa chake.

Nije kwenye skana yenyewe. Kuiandaa ni rahisi kuliko nilivyotarajia: unaingiza namba ya posta ya mahali ulipo, na skana inachota kutoka hifadhidata iliyo kwenye kadi yake ya kumbukumbu idara zote za karibu pamoja na masafa yao. Kwa mifumo ya kidijitali inafanya kazi nzuri sana. Pale minara mingi inaporusha maneno yaleyale kwa wakati mmoja, skana za bei nafuu huchanganyikiwa na kutoa sauti inayokatikakatika kama ya mtu anayezungumza huku akisukutua, lakini hii huisafisha sauti kiasi kwamba unaweza kujua kama askari anahema au ametulia. Kuna pia kitufe cha kurudia yaliyosemwa dakika chache zilizopita, na kwangu hicho peke yake kimehalalisha robo ya bei.

Masafa ya chini ndiyo yaliyonikatisha tamaa. Antena fupi inayokuja ndani ya boksi, isiyozidi urefu wa kiganja na vidole vyake, ni kiziwi kabisa kwenye megahezi 42, na mwanzoni niliwasikia CHP kwa nadra, wakiwa karibu mno au wakibahatika kuwa juu ya daraja. Hesabu yake haina siri: wimbi la megahezi 42 lina urefu wa zaidi ya meta 7, na antena ya robo wimbi inataka karibu meta 1.8. Nilikata waya wa umeme wa kipimo hicho, nikaufunga wima kando ya fremu ya dirisha kwa mkanda wa gundi, na tangu siku hiyo CHP wanaingia jikoni kana kwamba wamekaribishwa. Kwa dola 700, waya huo ningeutarajia ndani ya boksi, au angalau karatasi yenye sentensi mbili za kumwambia mnunuzi kuwa atauhitaji.

Jioni iliyonifanya niiamini skana hii ilikuwa ya Alhamisi. Polisi wa mji mmoja wa karibu, ambao sitautaja, walianza kulifukuza pikapu lililoibwa, na walipofika kwenye 91 likapanda kuelekea mashariki. Kwa kawaida hapo CHP hukabidhiwa, kwa kuwa barabara kuu ni yao. Askari wa mji akasema pikapu ni jeupe na liko njia ya pili, akataja na mchepuko wa karibu wa kutokea barabara kuu. Mwongozaji wake wa redio akampigia simu mwenzake wa CHP, yule wa CHP akaandika, kisha akawatangazia magari yake, nami nilikuwa nikiitazama saa ya jiko: kutoka kinywa cha askari wa kwanza hadi sikio la askari wa CHP zilipita sekunde 50. Kwa mwendo waliokuwa nao, hizo ni kama kilometa 1.8, yaani maneno yalipofika, pikapu lilikuwa limekwisha kuupita mchepuko uliotajwa na kuhamia njia ya nne. Gari la kwanza la CHP likaingia nyuma ya pikapu la rangi ya fedha. Kwa nusu dakika hivi, mwanamume aliyevaa aproni jikoni, mwenye kitunguu mkononi, alijua kwamba vyombo viwili vya dola vinaongelea magari mawili tofauti, na wao hawakujua.

Kosa hilo lilirekebishwa na helikopta, ambayo iliwaona wote kutoka juu. Lililofuata ndilo lililonishangaza zaidi. Msimamizi wa mji aliwaamuru watu wake waachie, na mmoja akajibu, kwa upole wenye ukaidi, kwamba bado analiona gari vizuri. Akaamriwa tena. Akasema anatafuta mahali salama pa kutokea, na michepuko mitatu ikapita bila yeye kuuona mmoja wenye usalama wa kumtosha. Katika sauti yake hakukuwa na uasi. Kulikuwa na mtu aliyelianza jambo lake na hataki mwingine alimalize, kama mvuvi anayeombwa ampe jirani kamba ilhali samaki ameshanasa. Ushindani kati ya idara, ambao watu huufikiria kama ugomvi wa wakubwa ofisini, unasikika hivyo hasa: mguu unaochelewa kuachia mafuta.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa skana, ambao tangazo la mauzo halikuutaja. Skana husikiliza chaneli moja kwa wakati mmoja. Ikisimama kwa mji, haisikii CHP, na kwa mipangilio ya kiwandani husubiri sekunde mbili baada ya kila kauli ikitarajia jibu, ilhali jibu linatolewa kwenye chaneli nyingine. Katika mkimbizano wa vyombo viwili nilipoteza pengine theluthi ya mazungumzo. Dawa niliyoipata ni kuondoa kabisa muda wa kusubiri na kuacha chaneli tano tu hai, hatua inayohitaji vidole vyepesi na menyu iliyozikwa ngazi nne chini. Kipande kinachokosekana mara nyingi hukipata kwenye masafa ya ndege, megahezi 123.025, ambako marubani wa helikopta huarifiana mahali walipo ili wasigongane. Hao, kwa sababu za kueleweka, hawana muda wa kugombea sifa.

Lugha pia ni tatizo. Gari la wizi kwa LAPD ni "code 37", namba ya mkato ya redioni. Kwa CHP ni namba ya kifungu cha sheria ya magari, 10851. Kwa hiyo hata chaneli zikiunganishwa, masikio hayajaunganishwa. Serikali ya shirikisho ililiona jambo hili, na kuanzia mwaka wa fedha 2006 iliziwekea idara sharti la kutumia lugha ya kawaida katika matukio yanayohusisha vyombo zaidi ya kimoja, vinginevyo ruzuku zake zingekuwa hatarini. Usiku ninausikia ukweli ulivyo: askari huanza kwa lugha ya kawaida, na mapigo ya moyo yakipanda namba zinarudi zenyewe.

Anayedhani haya ni burudani tu ya mstaafu mpweke aitazame Cleveland, Ohio. Tarehe 29 Novemba 2012 gari moja lilipita karibu na jengo la mahakama na polisi, likatoa mlio ambao askari aliudhani ni risasi, naye akautangaza hewani kama risasi. Tangazo hilo lilivuta zaidi ya magari 60 ya polisi katika mkimbizano uliovuka mipaka na kuishia kwenye uwanja wa shule huko East Cleveland, ambako askari 13 walifyatua risasi 137 na kuwaua wawili waliokuwa ndani ya gari. Silaha haikupatikana. Mwanasheria mkuu wa jimbo aliliita kushindwa kwa mfumo mzima. Huko redio ilifanya kazi. Iliubeba uvumi kwa kasi kuliko usimamizi. Kwa hiyo simwamini anayesema kwamba masafa ya pamoja peke yake yangemaliza matatizo haya. Ukiwawekea askari 60 chaneli moja bila mtu mmoja wa kuiongoza, umewapa soko, na sokoni anayesikika ni mwenye sauti kubwa.

Mfano wa upande wa pili uko hapahapa kwetu. Tarehe 17 Juni 1994 LAPD walimtafuta O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa akishtakiwa kwa mauaji, lakini gari aina ya Bronco lililombeba liliripotiwa katika kaunti jirani ya Orange, likafuatwa taratibu na askari wa huko na CHP, na mwisho LAPD ndio waliomkamata nyumbani kwake Brentwood. Mamilioni walikumbuka helikopta za televisheni. Mimi hukumbuka kwamba makabidhiano kati ya vyombo vile, yakitazamwa na nchi nzima, yalikwenda bila risasi. Mwendo wa pole ulisaidia, naona, kuliko redio yoyote. Sheria ya California imejaribu kuufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida: kifungu cha 17004.7 cha sheria ya magari kinaipa idara kinga ya kutolipa fidia kwa madhara anayoyasababisha mtuhumiwa, mradi ina sera iliyoandikwa kuhusu mikimbizano, na sera hiyo lazima iseme idadi ya magari, mawasiliano, na nini kifanyike mipaka inapovukwa.

Kabla hujatoa pesa, hata hivyo, pima jambo moja ambalo hakuna skana inayoweza kulishinda. Mwezi Oktoba 2020 idara ya sheria ya California ilizitaka idara za polisi zilinde taarifa binafsi za watu zinazotajwa hewani, na nyingi zilichagua njia nyepesi, yaani kuyafunga mazungumzo yote kwa usimbaji, unaoyageuza kuwa alama za siri. Sherifu wa San Diego alifunga Januari 2022. Palo Alto walifunga mwaka 2021, wakafungua tena mwaka 2022 baada ya malalamiko, ushahidi kwamba inawezekana kuziacha chaneli wazi na kuyapitisha majina kwa njia nyingine. Chaneli iliyosimbwa haisikiki kwa skana ya dola 700 wala ya dola 7,000, na sheria haikuruhusu ujaribu kuifungua. Angalia kwenye hifadhidata ya RadioReference ni idara zipi za eneo lako zimebaki wazi, na kama ni chini ya nusu, baki na mitiririko ya bure ya mtandaoni, ingawa huchelewa na mara nyingi huzichanganya chaneli kadhaa katika sikio moja.

Kwangu mimi chaneli zilizobaki wazi bado zinatosha. Nyota nne kwa tano: moja nimeikata kwa ajili ya antena na ile menyu ya ngazi nne. Betri hunifikisha jioni hadi kulala, sauti ni safi, na waya wangu wa meta 1.8 ungali dirishani, umefungwa upya kwa mkanda mweusi baada ya ule wa kwanza kuyeyushwa na jua la Agosti.