Uzoefu wangu na kanopi ya bei nafuu: "Si wewe uliyetaka rahisi?"

Kanopi yenyewe, yaani lile paa la kufunika nyuma ya pikapu, haina ubaya. Naisema mapema kwa sababu nikifika kwa yule fundi aliyeifunga sitakuwa na moyo wa kuisifia tena.

Nilitaka kitu cha kufunika mizigo kwenye pikapu, na mara mojamoja nilale humohumo nikiwa safarini. Ya faiba (plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo), mpya, iliyopigwa rangi ya gari, niliitazama, nikauliza bei, nikaaga. Faiba ya mtumba nusura niichukue. Jina la gari lilikuwa lilelile, ila ilitoka kwenye toleo la zamani. Tulipoipandisha, kona za mbele hazikukaa, ukabaki mwanya wa kupitisha kidole. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba jina la gari likifanana basi inaingia. Pima bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, urefu, pima upana mbele na nyuma, na ujue kama gari ni la kebini moja au mbili (viti safu moja au mbili).

Nikaangukia ya alumini. Ni nyepesi, watu wawili wanaishusha bila kuomba msaada. Sura yake ni sanduku tu, lakini mimi sikufuata urembo. Hadi hapo nilikuwa naipa nyota nne kati ya tano.

Halafu nikaingia barabara ya vumbi.

Nilipofungua nyuma sikuamini. Godoro, blanketi, sufuria, vyote rangi moja. Begi lililofungwa zipu nalo lilikuwa na vumbi ndani! Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nyuma yake hupungua mgandamizo, kwa hiyo vumbi la matairi hufyonzwa kupitia kila upenyo: chini ya kioo, pembeni mwa mlango wa bodi, kwenye bawaba zake. Fundi yeyote wa kanopi analijua hilo. Ndiyo maana kuna raba za kuziba. Yangu ilikuwa na raba upande wa juu tu, kule chini hakuna kitu.

Na si suala la usafi peke yake. Panapopita vumbi ndipo moshi wa ekzosi unapopita pia, na kaboni monoksidi haina harufu ya kukushtua. Mtu aliyepanda huko nyuma anaweza kuzimia na dereva asijue.

Nikarudi dukani, tena kwa upole. Fundi alikuwa kwenye kiti na simu mkononi. Hakuinuka. Nikamweleza. Akajibu bila kunitazama, "Vumbi ni la barabara, si la kanopi." Nikamwambia raba ya chini haipo, aje aone. Hapo ndipo akanitupia lile neno: "Si wewe uliyetaka rahisi?"

Jamani. Siku ya kununua nilikuwa "bosi", "bosi karibu", "bosi angalia hii". Pesa ilipokwisha kuingia nikawa "wewe". Nilitaka bei nafuu, ndiyo, na bei waliipanga wao, si mimi. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa bei hiyo raba haimo. Angesema niongeze kidogo ya raba ningetoa palepale. Hata angesema "samahani, tulisahau" ningekaa kimya na hii habari msingeisoma.

Kwa hasira nikaanza kuikagua upya, na afadhali nisingekagua. Kanopi ya namna hii hufungwa kwa klampu zinazobana ukingo wa bodi kwa chini, huna haja ya kutoboa gari. Huyu bwana alitoboa. Alipitisha drili kwenye kingo za bodi yangu, akafunga bolti, na matundu akayaacha bila hata tone la rangi. Kutu inaanzia hapohapo. Isitoshe, alumini ikigusana na chuma penye maji, huliwa haraka zaidi, na yeye hakuweka chochote katikati. Nyota zikashuka hadi mbili.

Fundi mwingine ndiye aliyeniokoa. Alizungushia raba mlango wote wa bodi, akaweka sponji ya kuziba kona za mbele, akafungua kijidirisha cha hewa mbele ya paa ili hewa iingie kwa nguvu na kusukuma vumbi lisivutwe kutoka nyuma. Barabara ileile, na nilipofungua nikakuta vumbi kidogo tu kwenye kingo. Mvua nayo ikanyesha usiku, nikalala mkavu. Basi nikasema nisiwe mkali, kanopi ni nzuri, nirudishe nyota zangu nne.

Nilikuwa nimeshaamua hivyo mpaka huyo fundi wa pili aliponiita nyuma ya gari akacheka. Kanopi inaziba ile taa ya breki ya juu ya kebini, kwa hiyo huja na taa yake. Yangu ilikuwa nayo, nyekundu, imekaa vizuri. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kufichwa ndani ya kingo, haujaunganishwa popote. Muda wote huo waliokuwa nyuma yangu barabarani walikuwa hawaioni taa ya juu ninapokanyaga breki. Kuunganisha kulichukua muda mfupi kuliko mimi kumaliza kulalamika.

Kwa hiyo sijui nitoe nyota ngapi. Kanopi nne, bado nasimamia hapo. Duka, sifuri, na kama kuna chini ya sifuri nipeni. Ukiitaka ya aina hii, inunue, lakini usiruhusu waifunge wao. Ibebe, kafungie kwa mtu mwingine, ukiwa umesimama pale unaangalia, na umwambie klampu, hakuna drili. Na yule wa kwenye kiti ukimkuta, mpe salamu. Mwambie waya tumeuona.