Utepe wa Shaba wa Kuzuia Koa: Nimekesha Nao, Sasa Sikilizeni

Haya, karibuni tena, na leo nina hasira, mtanivumilia. Mnakiona hiki chungu? Jana jioni kilikuwa na miche sita ya letusi, ndiyo kwanza inatoa jani la nne. Leo hesabuni na mimi: huu mmoja, huu wa pili, na hii minne iliyobaki ni vijiti. Vijiti, jamani! Na pembeni kuna njia ya ute inang'aa kama mtu kamwaga gundi. Huyo ni koa, yule ndugu yake konokono asiye na gamba. Na chungu kizima nimekizungushia utepe wa shaba!

Utepe wenyewe ni ule mkanda mwembamba wa shaba wenye gundi nyuma, unaubandika kuzunguka chungu. Maneno ya kwenye pakiti ndiyo yaliyoniponza: eti koa akiugusa, ute wake unajibizana na shaba, anapigwa shoti kidogo, anageuza. Nikasema hapa nimepata dawa. Mkanda mmoja haukutosha hata vyungu vitatu, nikaongeza wa pili. Hela yangu hiyo.

Sasa ni usiku, samahani kwa mwanga wa tochi, ila huyu bwana mchana hatoki. Nimemkamata, namweka hapa chini ya utepe. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hilo tundu upande wake wa kulia? Ndipo anapopumulia. Pembe mbili ndefu za juu zina macho kwenye ncha, na hizi fupi za chini ni za kunusia na kuonja. Haya, anafika kwenye shaba... anagusa... ameona! Pembe zimeingia ndani chap, kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Hapa ndipo jana nilipopiga makofi nikaenda kulala. Kosa langu.

Leo sikati video, tusubiri. Anatambaa kandokando, anatafuta. Kuna mahali ncha mbili za utepe hazikukutana vizuri, pameachwa uwazi kama upana wa ukucha. Nilijua atapita hapo. Wapi! Tazameni: anainua kichwa, anainua nusu ya mwili, anajinyoosha juu ya shaba bila kuigusa, anatua ng'ambo. Sasa anauvuta mkia, na mkia unaburuzika juu ya shaba kabisa, wala hajali. Shoti iko wapi? Niambieni shoti iko wapi!

Tuseme haki basi: alisita. Utepe ukiwa mpya, mpana na msafi, huenda ukamchelewesha. Lakini angalieni huu wa chungu cha pili, umeshafifia na umerukiwa na matope, na maelekezo yanataka niusugue kwa siki. Nani ana muda huo? Gundi nayo kwenye chungu cha udongo ikilowa tu inabanduka. Halafu jani likiinama likagusa nje, umemjengea daraja. Na kama mayai yake yalishakuwa kwenye udongo kabla hujafunga, umemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Sio mimi peke yangu. Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, walitoa matokeo ya majaribio yao mwaka 2018, kwenye letusi hizi hizi: utepe wa shaba, changarawe, magome ya msonobari, vidonge vya sufu, maganda ya mayai. Miche iliyokingwa ililiwa sawasawa na ile iliyoachwa wazi. Maganda ya mayai! Mimi nimeyatwanga misimu miwili, nyumbani wananicheka.

Kuna aliyeniuliza kuhusu mtego wa bia. Unanasa, ndiyo, wanafuata harufu ya hamira. Ila ukingo wa kikombe uache sentimita 2 juu ya udongo, la sivyo utazamisha na mbawakawa wanaokula koa. Chumvi msiitie bustanini, itaua mche kabla ya koa. Punje za fosfeti ya chuma, chambo cha kuua koa, nazikubali: koa akila anaacha kulisha, anajichimbia ardhini kufa, kwa hiyo usipoona mizoga usiseme hazifanyi kazi. Tawanya chache, usirundike. Punje za metaldehaidi, sumu nyingine ya koa, achaneni nazo, Uingereza walipiga marufuku matumizi yake nje mwaka 2022 kwa sababu ya ndege na wanyama wengine.

Unajua kilichookoa miche yangu mingine? Hii takataka hapa. Chupa ya plastiki, nimekata kitako, nimetoa kizibo ipumue, nimeufunika mche nayo na kuididimiza kidogo kwenye udongo. Kwanza unapekua asiwemo mtu ndani. Basi. Mche ukinenepa shina unaitoa. Na nimeacha kumwagilia jioni, namwagilia asubuhi, usiku wanakuta udongo wa juu umekauka.

Kabla sijasahau, kuna video ijayo. Hiyo itahusu nematodi, viminyoo visivyoonekana kwa macho vinavyomwingia koa na kumuua. Viko hai, kwa hiyo udongo lazima uzidi nyuzi 5 za Selsiasi na uwe na unyevu. Kama hujajiunga na chaneli, bonyeza hapo chini, na kengele pia.

Utepe naupa alama mbili kati ya kumi, na hizo mbili ni za kupendeza kwa... eh, huyu ameshafika wapi? Anapanda mche wa pili! Ngojeni, shikeni hapo, nimtoe kwanza.