Miezi mitano na programu ya kupunguza uzito: kilo moja kwa wiki ilinishinda

Ukishajaza umri, urefu na uzito, programu hii inakuuliza unataka kupungua kwa kasi gani. Unawekewa mstari wa kuburuta kwa kidole, kuanzia robo kilo hadi kilo moja kwa wiki. Nilikuwa na kilo 86, nataka 74. Nikaburuta mpaka mwisho. Kila ukisogeza kidole, tarehe ya kufikia lengo inasogea karibu mbele ya macho yako, na tarehe hiyo ndiyo iliyoniponza. Wiki 12 tu!

Lawama yangu kubwa iko hapo. Programu ilikadiria kuwa mwili wangu unatumia kalori 2,050 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhesabiwa kuwa na kalori 7,700 hivi, kwa hiyo kuipunguza kwa wiki moja kunadai upungufu wa kalori 1,100 kila siku. Ningebaki na 950. Programu, kwa busara yake, haimshushi mwanamke chini ya 1,200, ikanipangia hizo 1,200. Vizuri. Lakini tarehe haikuibadilisha! Kwa kalori 1,200 nilikuwa napungua robo tatu ya kilo kwa hesabu ya karatasi, huku skrini ikiendelea kunidai kilo nzima. Kila Jumatatu nilijiona mzembe kwa deni ambalo sikuwahi kulikopa.

Wiki ya kwanza mzani ulishuka kilo 2.4, nikatembea kifua mbele. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili ukipunguziwa chakula hutumia akiba yake ya wanga, na akiba hiyo imeshikana na maji mengi kuliko uzito wake yenyewe. Programu ilinipongeza kwa fataki za rangi, bila neno lolote kuhusu maji.

Wiki ya tano nilikuwa na kilo 81.7, kizunguzungu nikiinuka ghafla, hasira za karibu, na usiku najikuta jikoni nimesimama gizani nakula mkate. Nikaacha. Wiki mbili baadaye, kilo 83.5. Miezi michache mbele nywele zilianza kunyonyoka kwenye kitana. Muuguzi aliyenipima presha alinieleza kuwa hilo huwapata wengi waliopungua haraka, na kwamba kwa kawaida nywele hurudi. Akaongeza kuwa kupungua kwa kasi kubwa mno huongeza pia hatari ya mawe kwenye kibofu cha nyongo. Hayo sikuyaona popote kwenye programu.

Niliporudi, niliburuta hadi nusu kilo. Kalori 1,500. Tofauti ya kalori 300 tu na mwanzo, lakini ndani yake mlikuwa na mlo wa jioni unaoeleweka, na protini ya kutosha kunifikisha asubuhi bila kuota chakula. Nikaanza na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki ili kinachopungua kisiwe misuli. Kwa wiki 14 nimepungua wastani wa kilo 0.4 kwa wiki, siyo 0.5. Sikuhangaika. Mwili mdogo hutumia kalori chache, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Ukivimimina viwili bila kuandika, umekula nusu ya upungufu wako wa siku.

Kitu kimoja programu imekipatia sana: grafu ya wastani wa siku saba. Mzani wa asubuhi unaweza kupanda kilo nzima kwa sababu ya chumvi au siku za hedhi, na bila huo wastani ningeacha mara tatu zaidi. Umefichwa kwenye mipangilio, utafute.

Kasoro nyingine: hesabu haijirekebishi uzito ukishuka, mpaka ubonyeze mwenyewe. Na haikuniuliza kama ni mjamzito au kama natumia dawa za kisukari. Anayetumia insulini akipunguza chakula ghafla bila daktari wake kujua, sukari inaweza kushuka vibaya. Swali moja tu lingetosha.

Leo nina kilo 77.9, presha imeshuka, na suruali za zamani zinafunga. Wiki hii nimeburuta hadi robo kilo, kwa sababu nusu imeanza kuniuma tena. Tarehe ya lengo imerukia mbali karibu miezi minne. Nimetafuta namna ya kuificha kwenye skrini, haipo. Nyota tatu.