Brokoli ya zambarau ya majira ya baridi: uzoefu wangu wa miezi 10 Leicester

Aina niliyootesha ni Early Purple Sprouting, pakiti isiyofika pauni 3, kwenye kishamba ninachokodi kwa manispaa hapa Leicester. Nilisia mbegu kwenye trei katikati ya Aprili 2022. Mboga ya kwanza nimeikata mwisho wa Februari 2023. Najua miezi 10 ni mingi. Nimekulia Limuru, sukuma unapandikiza leo na baada ya miezi miwili unachuma. Hata hivyo, tangu nianze kulima huku Uingereza sijapata mboga iliyonifurahisha kama hii.

Si ile brokoli ya dukani yenye kichwa kimoja kikubwa cha kijani. Hii hutoa machipukizi mengi membamba, na ukikata hili linachipua lingine. Ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, na huchumwa vilevile, kidogo kidogo. Baridi haiivumilii tu, inaihitaji: isipopigwa na baridi wiki kadhaa, itajaza majani bila kutoa vichwa. Kwa hiyo aliye Mombasa au Dar asipoteze pesa yake.

Mbegu 12, zikaota 11. Juni nikapandikiza, sentimita 60 toka mche hadi mche, nikiwa nimeshatia chokaa, maana udongo wenye asidi hukaribisha ugonjwa wa kuvimba mizizi, na ukiingia shambani hautoki kwa miaka. Mzee wa kishamba cha jirani alinifundisha kushindilia udongo kwa kisigino, kisha nivute jani: jani likatike kabla mche haujatikisika. Mmea huu hufika kifuani na hupigwa na upepo wote wa baridi, kwa hiyo ukipandwa kwenye udongo uliolegea utalala.

Mwaka wenyewe ulikuwa mtihani. Tarehe 19 Julai joto lilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, Lincolnshire, rekodi ya nchi nzima, na miche yangu ikanywea kabisa. Nilimwagilia alfajiri na jioni. Desemba kipimajoto changu kikaonyesha nyuzi 7 chini ya sifuri. Asubuhi ile majani yalikuwa yameinama hadi chini, magumu kama bati, pembeni yamepakwa sakitu nyeupe. Nilisimama pale nikiamini nimeshaipoteza. Saa saba mchana barafu ikayeyuka, na jani moja moja likaanza kunyanyuka.

Hasara niliyopata haikutoka kwenye baridi. Neti niliyonunua kwa bei rahisi ilikuwa na matundu mapana, vipepeo weupe wakapenya wakataga, nikaokota viwavi kwa mkono Agosti nzima. Januari njiwa wakamaliza miche miwili. Tafuta neti ya matundu ya milimita 7 au pungufu, na uifunge hadi chini.

Februari ile maduka makubwa yalikuwa yakiwawekea wateja kikomo cha nyanya, matango na pilipili hoho. Mimi nilikuwa natoka shambani na mfuko umejaa. Unaanza kukata kichwa cha katikati, halafu machipukizi ya pembeni yakiwa na urefu wa sentimita 15 hivi, kabla maua ya manjano hayajafunguka. Nimechuma kila baada ya siku nne au tano, na mpaka sasa, katikati ya Aprili 2023, bado yanakuja.

Jikoni, kuchemsha dakika tatu kunatosha. Rangi ya zambarau huishia kwenye maji, mboga ikabaki kijani kibichi. Naikaanga na kitunguu na saumu, chumvi kidogo, kwa ugali. Bua ndilo tamu zaidi, msilitupe. Na majani machanga nayakatakata kama sukuma.

Nafasi ndiyo ya kupigia hesabu, kwa sababu kila mmea unakalia ardhi karibu mwaka mzima. Mwenye bustani ndogo apande miwili tu. Mimi nimeshasia ya mwaka huu. Trei iko dirishani, na jana mche wa kwanza umechomoza.